Mkuu Kapewa Toleo la Kazi

Kwa wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, habari yangu ni fupi na ya aibu. Mimi ni karani wa muda katika ofisi ya vyeti vya kuzaliwa. Wa muda, lakini muda wenyewe umetimia miaka saba. Kazi niliipata kwa kusema nina cheti cha kompyuta, na cheti hicho sijawahi kukiona hata ndotoni.

Njia ya mwongo ni fupi, najua. Yangu ilirefushwa na waya. Siku moja kompyuta ya Mkuu wa ofisi ilizima, nikainama chini ya meza, nikaona plagi imechomoka, nikaichomeka. Skrini ikawaka. Mkuu akapiga makofi, na tangu siku hiyo ofisi nzima inaniita Injinia.

Juma lililopita niliwaachia pale Mkuu aliponisimamisha mbele ya watu. Zinakuja kompyuta mpya kumi na mbili, alisema, na muuzaji anataka kujua tuwekewe mfumo wa uendeshaji wa toleo gani, la Nyumbani au la Kazi. Atakayeshauri ni Injinia. Nikishauri vizuri, barua yangu ya ajira ya kudumu itatiwa saini.

Barua hiyo jamani! Miaka saba nalala nayo, naamka nayo. Sasa sikilizeni nilivyojipalia makaa.

Kwa mara ya kwanza maishani nilianza vizuri. Nilimvizia muuzaji wa kompyuta kwenye korido kabla ya kikao, nikamwambia neno ambalo sijawahi kumwambia mtu.

"Kaka yangu, mimi sijui kitu. Nifundishe kama unavyomfundisha mtoto."

Akacheka. "Dada, afadhali wewe umeuliza. Wengi hujitia wanajua." Akatoa karatasi yenye safu mbili zilizojaa alama za vema. "Matoleo haya ukiyawasha, sura ni moja. Tofauti iko ndani. La Nyumbani ni la mtu na familia yake, barua, picha, michezo. La Kazi linaingia kwenye mtandao wa ofisi. Majalada yenu mnayaweka wapi?"

"Yote yako kwenye kompyuta mama, chumba cha nyuma."

"Basi. Kompyuta mama yenu ilivyopangwa, haipokei mashine yenye toleo la Nyumbani. Itabisha hodi mpaka ichoke. Makarani wote wapewe la Kazi. Mkuu wenu yeye anafanyia nini kompyuta?"

"Anacheza karata."

"Huyo hata la Nyumbani linamtosha."

Nikaingia kikaoni kifua mbele, muuzaji nyuma yangu. Nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa la kweli. Hali hiyo nilikuwa siijui, nikahisi kama nimevaa nguo ya mtu mwingine.

Lakini nilisahau ukuta. Kwenye ukuta wa chumba chetu cha mikutano kuna Jedwali la Stahili, limetiwa fremu na kioo, na Mkuu mwenyewe ndiye aliyelitunga. Linaeleza nani anastahili nini kwa cheo chake. Mkuu: kiti chenye mikono, zulia, pazia, chupa yake ya chai, ufunguo wa choo cha ndani. Mkuu wa kitengo: kiti kisicho na mikono, lakini chenye mto. Karani: kiti. Karani wa muda: "kwa kadiri kitakavyopatikana." Kilichopatikana kwangu ni stuli waliyoiacha wapaka rangi.

Na pale chini, kwa herufi ndogo, limeandikwa kwamba kiti cha karani hakikanyagi zulia. Shika hilo, utalihitaji.

"Injinia, tupe majibu," alisema Mkuu.

"Mkuu, nashauri zote kumi na mbili ziwekewe toleo la Kazi."

"Kati ya hayo mawili, kubwa ni lipi?"

"La Kazi, Mkuu. Lina mambo mengi zaidi."

"Na mimi utanipa lipi?"

"La Kazi hilo hilo."

Akavua miwani. Ukiona Mkuu amevua miwani, tafuta pa kujificha.

"Yaani mimi na karani wa masjala, toleo moja?"

"Hiyo itakuwa kuvunjiana heshima," ilidakia sauti kutoka pembeni yake. Huyo ni wifi yangu, dada wa mume wangu, katibu muhtasi wa Mkuu. Ndiye aliyeniingiza kazini, na haipiti siku bila kunikumbusha. Mimi na yeye hatupikiki chungu kimoja tangu siku ya harusi yangu.

Muuzaji akajaribu. "Mheshimiwa, suala hili si la cheo, ni la..."

"Wewe ni muuzaji. Uza."

Mkuu akainuka, akaliendea Jedwali, akaligonga kioo kwa kalamu. "Toleo ni kama kiti. Kubwa kwa mkubwa. Andika, katibu: la Kazi, moja, la Mkuu. La Nyumbani, kumi na moja, la wengine."

Ndipo akanyoosha mkono Bibi Jalada. Huyu mama ndiye masjala yenyewe. Ana miaka ishirini na tisa pale, magoti yamemwisha, na ukimtajia mwaka atakwambia jalada liko rafu gani kabla hujamaliza kusema.

"Mkuu, samahani. Mimi nyumbani naenda jioni kulala. Kazi naifanyia hapa. Sasa hilo la Nyumbani nilifanyie nini?"

Watu wakacheka. Kisha wakakumbuka wako wapi, wakanyamaza.

Mkuu hakucheka. Alinigeukia mimi, polepole. Mbele yake palikuwa na faili la kijani lenye jina langu, na juu ya faili kalamu.

"Injinia, mtaalamu ni wewe. Kitaalamu, kuna ubaya wowote?"

Wasomaji wangu, hapa ndipo ninapoungama. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nililiona faili, nikaiona kalamu, nikalimeza.

"Hakuna ubaya, Mkuu."

Na kwa kuwa mwongo hajui kituo, nikaongeza: "Hata kitaalamu, matoleo makubwa mengi yakikaa jengo moja hugombana."

Muuzaji alinitazama, akafunga mkoba wake taratibu. Bibi Jalada akashusha mkono. Mkuu akanivika kilemba cha ukoka mbele ya wote: "Mnaona? Huyu ndiye mtu wa kudumu!"

Jioni nilimsimulia mume wangu. Yeye ni fundi cherehani, haongei sana akiwa na pini mdomoni. Akazitema kiganjani.

"Mke wangu, mteja akija nikamkatia suruali kwa cheo chake, nikaacha kumpima kiuno, ataivaaje?"

"Baba watoto, wewe hujui mambo ya ofisi."

"Kweli, sijui," akasema, akazirudisha pini mdomoni.

Kompyuta zikaja. Siku ya kuzifunga, muuzaji alimweleza Mkuu kwamba toleo la Kazi lina kufuli la diski. Mashine ikiibiwa, mwizi hataambulia kusoma chochote.

"Hizo za Nyumbani zinalo?" Mkuu aliuliza.

"Lenu lile halina."

"Basi langu lifunge. Lifunge sasa hivi!"

Mashine ikatoa namba ya kufungulia, tarakimu arobaini na nane, makundi manane ya sita sita. Muuzaji akasema inakiliwe na iwekwe mbali na mashine. Siku mashine ikigoma na namba haipo, vilivyomo ndiyo basi tena.

"Kunakili namba ni kazi ya karani," alisema Mkuu. "Injinia!"

Nikainakili nyuma ya ile karatasi ya vema, nikaikunja, nikaitia kwenye kipochi changu nyuma ya kadi ya kliniki ya mwanangu mdogo. Mkuu hakuniuliza nimeiweka wapi. Kwake yeye, nikishaandika mimi, imeshakuwa salama.

Jumatatu asubuhi benchi za nje zilijaa kama kawaida. Bibi Jalada akawasha mashine yake mpya, akangoja, akaniita.

"Mwanangu, njoo uone. Hii inasema hainijui."

Nikajitia kubonyeza hapa na pale. Hainijui na mimi. Nikaenda ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na moja. Zote zimewaka, zinang'aa, zina picha nzuri ya maua, na hakuna hata moja inayofika kwenye majalada.

Mlango uliobaki ulikuwa mmoja, mashine ya Mkuu.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kufikia saa nne, masjala yote ilikuwa imehamia ofisini kwa Mkuu, nyuma ya pazia, makarani wamepanga foleni kusubiri zamu kwenye meza moja. Na hakuna aliyekaa. Kiti chenye mikono ni cha Mkuu, naye alikisogeza dirishani akakikalia, kikombe mkononi. Viti vyetu havikanyagi zulia. Na zulia limetandazwa ukuta hadi ukuta.

Bibi Jalada alichapa vyeti siku tatu akiwa amesimama. Alifunga bandeji magoti yote mawili, akawa anaegemea meza kwa tumbo. Akichoka sana anapiga goti moja, anachapa, halafu anatushika mikono tumnyanyue.

"Pole, Bibi," nilimwambia.

"Pole ya nini? Umenisukuma wewe?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Magoti yale niliyavimbisha mimi, kwa mdomo wangu, na yeye hajui. Au anajua, ananisitiri.

Mkuu naye alikuwa na lake. Hakuna cheti kilichotoka, maana alitaka vyote vihifadhiwe ndani ya mashine yake mpaka apate nafasi ya kuvipitia na kuvigonga mihuri. Nafasi haikupatikana. Alikuwa hana raha, karata hazichezeki makarani wakiwa wamejaa mezani. Nje kwenye benchi kulikuwa na mama mmoja na mtoto mgongoni, siku ya kwanza alituuliza, siku ya pili alitulaumu, siku ya tatu akawa anatutazama tu.

Alhamisi Mkuu alifika mapema kuliko makarani, apate mchezo wake mmoja kabla hatujamjazia chumba. Mashine ikachelewa kuamka. Akabonyeza kitufe. Ikachelewa. Akabonyeza vyote.

Tulipofika tulikuta skrini ya buluu tupu. Inadai namba ya kufungulia.

"Imenikosea adabu!" alifoka. "Imekataa hata jina langu! Mwiteni Injinia, aje na ile namba!"

Nilikuwa koridoni nakuja, kipochi kwapani, kumbe roho yangu imechangamka. Nikajiambia, leo naokoa jahazi, leo saini inawekwa. Mara mkono ukanidaka, ukanivutia ndani ya stoo ya karatasi. Wifi.

"Wifi, unayo namba?"

"Ninayo."

"Usimpe."

"Umerogwa?"

Akafunga mlango kwa mgongo. "Sikiliza. Makao makuu wameuliza kwa nini vyeti havitoki. Mkuu lazima ataje mtu. Jana jioni kaninong'onezea barua nikaichapa, kwenye mashine ile ile. Jina ni lako."

"Ya ajira ya kudumu?"

Wifi akanitazama, na naapa niliona huruma, kitu ambacho miaka yote sijakiona usoni pake.

"Ya kukuachisha kazi. 'Kwa kuishauri ofisi vibaya juu ya uchaguzi wa matoleo ya kompyuta.' Ana muhtasari wa kikao, una maneno yako mwenyewe. Eti yakikaa jengo moja hugombana. Ulikitoa wapi kituko hicho, wifi?"

Nikakalia katoni.

"Haijatoka," akaendelea. "Alitaka kuisoma tena leo ndipo aitie saini. Imo humo, imefungiwa. Mashine isipofunguka, barua hakuna."

"Na vyeti je?"

"Vyeti navyo hakuna."

"Kwa nini unaniambia mimi? Wewe hunipendi."

"Sikupendi," alisema, wala hakupepesa macho. "Lakini watoto wako wananiita shangazi."

Maneno matamu. Lakini nimeshaumwa na kupulizwa na wifi huyu mara nyingi. Nikiificha namba, kosa langu litakuwa la kweli sasa, la kufukuziwa bila barua, na shahidi ni yeye. Na niliwahi kusikia kwamba shoga yake ana binti anayetafuta kazi ya ukarani. Nani ajuaye? Pengine barua hiyo haipo kabisa, pengine ipo nyingine, ile niliyoingoja miaka saba, naye anataka ibaki humo ndani ioze.

"Injiniaaa!" Sauti ya Mkuu ilipita ukutani.

Nikainuka, nikajifuta uso, nikaenda.

Chumba kilikuwa kimejaa. Makarani ukutani, Bibi Jalada ameshika ukingo wa meza, bandeji zimemlegea. Mlangoni yule mama wa benchi amesogea na mwanawe, hakuna aliyethubutu kumwambia atoke. Wifi akaingia nyuma yangu, akasimama kando ya pazia kama asiyejua kitu.

Mkuu alikuwa kwenye kiti chake, kidole kimoja tayari. "Soma."

Nikafungua kipochi. Nikatoa karatasi. Nikasoma kundi la kwanza, akachapa. La pili, akachapa. Alikuwa anatafuta kila tarakimu kama anachambua mchele. La tatu, la nne. Kwenye la tano akakosea, tukarudia. La sita. La saba.

"La nane?"

Mdomo wangu ukagoma.

"Injinia, la nane!"

"Mkuu," nikasikia sauti yangu, ndogo lakini imetoka. "Naomba kuuliza kwanza. Barua yangu imo humo ndani?"

"Barua zote zimo humu."

"Yangu inasemaje?"

Kidole kikabaki hewani. Mkuu akamtazama wifi. Wifi akalitazama pazia. Basi, wasomaji wangu, nikajua.

Na kwa kuwa nilikuwa sina tena cha kupoteza, ukweli ukanitoka wenyewe. "Muuzaji aliniambia makarani wote wapewe la Kazi. Niliambiwa, nikanyamaza kwa ajili ya saini yako. Lakini na wewe hukuuliza kinachofanya kazi, Mkuu. Uliuliza kilicho kikubwa."

Nilingoja anifukuze kwa mdomo, barua ya nini tena.

Badala yake Mkuu alivua miwani, akaiweka mezani. Akainuka. Akakishika kile kiti kwa mikono yake mwenyewe, akakisogeza kwangu juu ya zulia.

"Kaa, mama," akasema, kwa sauti laini ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Kaa kwanza, Injinia. Umesimama sana. Tumalizie hilo kundi moja tu, halafu mimi na wewe tutayazungumza."

Miaka saba kwenye stuli ya wapaka rangi. Mikono ya kiti ilikuwa imeng'arishwa na viganja vyake, ngozi imebonyea vizuri mahali pa kukalia. Na Mungu ananiona, nilikitamani.

"Mwanangu," Bibi Jalada alinong'ona, "usimwonee haya mtu. Lakini yule mama pale mlangoni ana siku ya nne."

Nikamtazama Bibi mwenyewe. Goti moja lilikuwa linamtetemeka.

Nikakishika kiti kwa mkono mmoja, karatasi kwa mkono mwingine, nikakivuta mpaka nyuma ya bandeji zake.

"Keti, mama."

Bibi Jalada akamtazama Mkuu, akanitazama mimi. Akakaa. Kundi la nane bado liko mkononi mwangu, na ndani ya chumba chake mwenyewe, Mkuu amebaki amesimama.